Nyuki wa Msafiri

Kama hujawahi kusikiliza mzinga wa nyuki, nitakueleza. Si kazi ngumu. Nenda asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, na usijipake mafuta ya kunukia. Tafuta mti ambao mzinga wake umeegeshwa kwenye panda, simama upande usio na mlango wa nyuki, ulaze sikio moja kwenye shina na lile jingine uzibe kwa kidole. Mwanzoni utasikia moyo wako mwenyewe. Watu wengi huondoa sikio hapo, wakasema hakuna kitu. Wewe subiri. Chini ya sauti ya moyo ipo nyingine, nzito, isiyokatika, kama watu wanaosali pamoja ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Ukiisikia hiyo, nyuki wapo.

Nilifundishwa hivyo na mama mkwe wangu, kijijini Ipole, mwaka ambao mume wangu alikwenda Kongo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha maarifa ya jamii mjini Tabora kwa miaka mingi, na kueleza mambo kumekuwa tabia yangu hata nyumbani. Mume wangu hunitania kwamba nikitaka kupika wali, nausomesha kwanza. Yeye ni askari, dereva wa malori ya jeshi, lakini kabla ya hayo yote ni mtoto wa warina asali. Nilipoolewa kwao niliwakuta watu wanaoujua msitu kama mimi ninavyolijua daftari la mahudhurio: wanajua nani yupo, nani hayupo, na aliyekosekana amekwenda wapi.

Siku alipopata taarifa kwamba kikosi chake kinakwenda Kongo, hakuniambia. Alisema twende Ipole tukamsalimie mama. Kesho yake aliingia msituni na mdogo wake, wakarudi na gome la mti wa muyombo lililobanduliwa likiwa zima, kama mkono wa koti. Akalishona kwa kamba za magome, akaziba ncha zote mbili kwa vifuniko vya nyasi, akapaka nta ndani ili nyuki wavutwe na harufu. Kisha akachanja alama ya ukoo wao: mikato mitatu na mstari mmoja chini yake. Alama hiyo ikiwa kwenye mzinga, hata ukiuacha msituni mwendo wa siku mbili kutoka kijijini, hakuna mrina asali atakayeugusa.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Aliiona ile kazi ya mwanawe, akauweka ungo chini.

"Unakwenda wapi?"

"Kongo, mama. Kulinda amani."

"Muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Mwaka wa kalenda au mwaka wa serikali?"

Tulicheka wote, na yeye mwenyewe akacheka. Halafu aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu bila kufanya chochote tulichoweza kukisikia.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya safari ya mume wangu, kwa kuona gome la mti. Kwao mwanamume haendi mbali bila kutundika mzinga. Niliulizia sana asili ya jambo hili, na mama mkwe alinieleza kidogo kidogo, kila siku kipande. Babu yake alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara. Alibeba mizigo ya watu wengine kichwani kutoka Tabora mpaka Ujiji, na mara nyingine akavushwa ziwa akaendelea upande wa pili, huko huko tunakokuita Kongo leo. Alikuwa akirudi baada ya masika mawili, miguu imejaa vidonda, mkononi hana kitu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka alitundika mzinga mmoja. Yeye akitembea, nyuki walikuwa wakimfanyia kazi. Siku akirudi, anapanda mti, anarina asali yake, maisha yanaanza tena kutoka hapo. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuufungua. Kuufungua kulikuwa sawa na kusema kwamba mwenyewe harudi.

Mimi nililielewa vizuri. Nilimwambia mama mkwe, "Kumbe ilikuwa akiba ya mtu anayerudi mikono mitupu."

"Ndiyo, ni akiba," akasema. "Na ni kitu cha kumrudisha."

Hiyo sehemu ya pili sikuiandika kichwani. Niliona ya kwanza inajitosheleza.

Mume wangu aliuegesha mzinga kwenye panda la muyombo mmoja mkubwa, bondeni nyuma ya bani lao la kukaushia tumbaku. Alipoteremka alijipangusa mikono akatuambia, mimi na mama yake: "Msinirinie. Nitaurina mwenyewe." Wiki iliyofuata tulimsindikiza stesheni ya Tabora, akapanda treni ya kwenda Dar es Salaam kuungana na wenzake. Kofia yake ya bluu ya walinda amani ilikuwa bado ndani ya mfuko wa nailoni, mpya kabisa. Nilimwomba aivae nimwone. Akasema ataivaa akifika, hapa itamletea watu wa kumtazama.

*

Mama mkwe alitaka kuvielewa vita hivyo. Si kwamba alikuwa mjinga wa vita. Vile vya Uganda alivikumbuka vizuri, vilimchukua kaka yake na kumrudisha akiwa mnene, jambo ambalo hakuacha kulishangaa. Lakini vita vya Uganda alielewa vilianzaje: jirani alivuka mpaka, tukamfukuza. Hivi vya Kongo havikumwingia.

Likizo moja nilikaa naye uani, nikachukua ungo na karanga. Ungo ukawa nchi. Nilichora ziwa Tanganyika kwa kidole katika vumbi la maganda, nikamwonyesha Kigoma, nikamwonyesha ng'ambo. Kisha nikaanza kupanga karanga upande wa mashariki ya Kongo. Hili ni kundi moja lenye silaha. Hili ni jingine, lilijitenga na la kwanza. Hawa wanapigania ardhi, hawa wanasema wanalinda kabila lao, hawa wamekaa kwenye machimbo ya dhahabu.

"Mbona karanga hazimaliziki?"

"Makundi ni mengi, mama. Na vita ni vya siku nyingi. Vilianza mume wangu akiwa mtoto wa shule."

"Na mwanangu ni karanga ipi?"

Nikachukua punje moja ya maharage nikaiweka katikati.

"Yeye si karanga. Amekwenda kulinda amani."

"Amani ikiwepo, inalindwa na nini? Na isipokuwepo, analinda kitu gani?"

Nilimweleza kwa upole kama ninavyowaeleza wanafunzi wa darasa la tano: kwamba kuna raia katikati ya makundi hayo, wakulima kama yeye, na mtu mwenye silaha asiyekuwa upande wowote anaweza kuwawekea ukuta. Nikamwambia pia kwamba watu wa ng'ambo wakikimbia huvuka ziwa kuja Kigoma, kwa hiyo moto ule si wa mbali kama unavyoonekana. Sikumficha kwamba hata mjini watu hawakubaliani. Saluni ninakosuka, mmoja husema vita si vyetu, kwa nini vijana wetu wafie huko. Mwingine humjibu kwamba nasi tuliwahi kusaidiwa na kusaidia, ndivyo tulivyolelewa. Wote wawili nawaelewa.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua karanga moja kati ya yale makundi, akaitafuna.

"Basi hili nimelimaliza," akasema. "Mwandikie arudi."

*

Simu zilikuja kwa kubahatisha. Mtandao wa huko ulikuwa unatoka mlimani, alisema, na mlima wenyewe ulikuwa na wenyewe. Kila alipopiga, swali la kwanza halikuwa hamjambo. Lilikuwa: "Nyuki wapo?"

"Wapo."

"Umewasikia wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe, Jumamosi."

Ilikuwa kweli. Kila mwezi nilipanda basi la Mpanda asubuhi likaniacha Ipole, na kabla hata ya kuvua viatu mama mkwe alinipeleka bondeni. Mwezi wa kwanza sikusikia kitu. Wa pili nilisikia moyo wangu. Wa tatu nyuki walikuwa wameingia, nami nilisimama pale, shavu kwenye gome, mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimeona, kwa mara ya kwanza tangu stesheni, kwamba kuna mahali ninapoweza kumsogelea.

Shule yangu imejengwa karibu na ile njia ya zamani ya misafara. Hakuna alama yoyote pale, ni uwanja tu, watoto wanacheza mpira juu yake. Miezi ile nilikuwa nikitoka darasani wakati wa mapumziko nikasimama ukingoni mwa uwanja, nikitazama magharibi. Usoke iko huko, kisha Urambo, kisha Kigoma, kisha maji, kisha yeye. Nilikuwa nikifikiria wake wa wapagazi. Mimi angalau nilikuwa na simu.

Siku moja alipiga mchana, nikiwa nasahihisha madaftari. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa peke yake.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akitaka nicheke, ila safari ile hapakuwa na cheko. "Leo tumerushiwa mawe."

"Na waasi?"

"Na wananchi. Tulikuwa tunapeleka maji. Watu wakajaa barabarani, wanapiga kelele turudi kwetu. Wanasema tumekaa miaka yote hii na wao wanakufa vilevile. Mama mmoja amenirushia jiwe, likagonga kioo upande wangu. Umri wa mama. Amefunga kitenge kama cha mama, kile cha kijani. Sijamkasirikia. Nimeshindwa tu nimjibu nini. Wewe ndiye mwelezaji. Nieleze: tunafanya nini huku?"

Nilikuwa nimelieleza jambo hilo kwa karanga na kwa ramani. Mwanzo wa sentensi zote nilikuwa nao. Lakini sentensi zile zilitengenezwa kwa mtu aliyekaa Ipole. Hakuna hata moja iliyofaa kwa mtu aliyekaa nyuma ya kioo kilichopasuka.

"Sijui, baba watoto," nikasema.

"Afadhali umesema hivyo," akajibu. Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine kabisa, "Chai ya huku haina ladha. Ningepata kijiko cha asali ya nyumbani. Kimoja tu."

*

Mwaka wa kalenda uliisha, wa serikali ukaendelea. Waliotakiwa kuwapokea zamu walicheleweshwa. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua inanyesha, nikasikia kwamba askari mmoja wa mtaa wetu anaondoka kwenda kuungana nao, na anaweza kubeba kifurushi kidogo.

Asali ya kununua ipo tele mjini. Ningeweza kununua chupa moja sokoni nikarudi nyumbani na jambo likaishia hapo. Najua. Lakini nilitaka ale ya kwake, ya muyombo wa bondeni, iliyotengenezwa wakati yeye hayupo. Niliona ndiyo itakayomwambia lile nililoshindwa kumwambia kwenye simu.

Nikaenda Ipole na kidumu cha lita tatu. Nikamweleza mama mkwe. Nilieleza vizuri sana, Mungu anisamehe. Nilimwambia desturi ile ilikuwa na maana kwa watu waliotembea kwa miguu: mpagazi angepelekewaje asali? Sasa kuna ndege. Sasa asali inaweza kumfuata mwenyewe badala ya kumngoja. Hatuivunji desturi, nikasema, tunaisogeza tu.

Alikuwa anamenya viazi. "Alisema tusimrinie."

"Alisema pia anatamani kijiko kimoja."

Hapo nilimpata. Niliona mikono yake ikisimama. Na yeye alikuwa anatamani mwanawe atie mdomoni kitu cha nyumbani, na tamaa hiyo ilikuwa nzito kuliko neno lolote la babu yake.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyepanda. Kabla ya kupanda alinionya. "Shemeji, wakati huu msituni hakuna maua. Walichonacho ni chakula chao. Tukitaka sana nitawakatia masega mawili."

"Mawili hayajazi kidumu."

"Kidumu kijazwe kwani kinakwenda kuuzwa?"

"Wako wengi kule, shemeji. Atakula peke yake, wenzake wanamtazama?"

"Unataka kuwafundisha nyuki kufunga kwaresma," akasema, akawasha moshi wake, akapanda. Kidumu kilijaa. Asali ilikuwa nyeusi kidogo, na baada ya utamu uliacha uchungu mwembamba nyuma ya ulimi.

Wiki mbili baadaye niliweka sikio langu kwenye shina. Nilisubiri sana. Nilisikia moyo wangu, na chini yake hapakuwa na kitu. Nyuki walikuwa wamehama, kama wanavyohama wenye njaa. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniangalia, akatangulia kurudi nyumbani.

Mume wangu alipiga jioni ya Jumapili. Asali imefika.

"Hii ni ya mzinga gani?"

"Ya shemeji," nikasema. Sijui kwa nini. Neno lilitoka lenyewe, kama mtoto aliyevunja sahani.

Nilisikia kijiko chake kikizunguka kikombeni.

"Sawa," akasema. "Nyuki wangu wapo?"

"Wapo."

*

Habari ya kambi yao kupigwa kwa makombora niliisikia redioni, chumba cha walimu, saa nne asubuhi. Askari wetu kadhaa wameuawa, wengine wamejeruhiwa, majina hayatatajwa mpaka familia zijulishwe. Mwalimu mwenzangu alizima redio. Niliomba aiwashe tena, lakini walikuwa wameshafika kwenye habari za mpira. Kengele ikalia, nikaenda darasani, nikafundisha kipindi chote kuhusu mito ya Tanzania. Wanafunzi wananiambia nilifundisha vizuri.

Kwa siku nne hatukujua yuko kundi lipi. Niliomba ruhusa nikaenda kungojea habari Ipole, maana mjini kila aliyebisha hodi mlangoni nilimdhania mjumbe wa jeshi. Nataka nikueleze jinsi akili inavyofanya kazi siku kama hizo, pengine itakufaa ukizipata, ingawa nakuombea usizipate. Nilijua kabisa kwamba mzinga wa nyuki wa Ipole hauwezi kuelekeza kombora Kongo. Ningeweza kulithibitisha ubaoni kwa chaki. Na bado kila nilipofumba macho nilimwona shemeji juu ya mti, na mimi chini nimenyanyua kidumu.

Nilitaka mama mkwe anilaumu. Nilimkalia karibu ili apate nafasi. Alipika, akafagia, akaenda kanisani akarudi. Asubuhi ya tatu nilimwona anashuka bondeni, nikamfuata. Alikuwa ameweka sikio kwenye shina.

"Mama," nikasema, "hamna nyuki mle."

"Najua."

"Sasa unasikiliza nini?"

"Mwalimu," akasema bila kuondoa shavu, "si kila kitu naweza kukueleza."

Siku ya nne, saa sita mchana, alipiga yeye mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine. Alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Yu hai. Masikio yameumizwa na mlipuko, la kushoto zaidi. Mama mkwe aliichukua simu mkononi mwangu, akaishika kwa mikono miwili sikioni mpaka salio la yule mtu likaisha.

*

Alirudi miezi miwili baadaye, amekonda, kofia ya bluu imepauka. Alikuwa mpole kuliko zamani, na kwenye meza alikaa mahali ambapo watu wote wako kulia kwake. La kulia lilikuwa limepona. La kushoto, alisema, halinyamazi. Linavuma. Akiamka linavuma, akilala linavuma.

"Kama nini?" nikamuuliza.

"Utacheka. Kama nyuki."

Sikucheka.

Kesho yake tulikwenda Ipole. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia nisipaone. Alimwamkia mama yake, akakumbatiwa, akapewa uji, akaumaliza, akasimama. "Twende bondeni," akasema. Mama mkwe alinitazama mara moja, akabaki na vyombo.

Chini ya muyombo alivua kofia, akaupapasa mti kama mtu anayemkuta mnyama wake. Kisha, kwa mazoea ya utotoni, akalaza sikio la kushoto kwenye shina na la kulia akaliziba kwa kidole. Akafumba macho. Niliona uso wake unalegea, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu ashuke kwenye basi.

"Wapo," akasema. "Wengi. Nyumba imejaa."

Ningeweza kunyamaza. Kwa mwezi mmoja, miwili, angeendelea kuwasikia. Pengine nyuki wengine wangeingia wenyewe, naye asingejua kamwe, na uso ule ungebaki vile. Hakuna aliyekuwa ananidai ukweli siku hiyo. Lakini mtu huyu alikuwa ameniuliza swali akiwa nyuma ya kioo kilichopasuka, nikamjibu sijui, akasema afadhali.

"Baba watoto," nikasema. "Weka sikio jingine."

Alifungua macho. Akageuka pole pole, akaweka la kulia, akaziba la kushoto. Alisubiri kama anavyojua kusubiri. Nami nilisubiri. Mwishowe akajiondoa mtini, akakaa chini juu ya majani.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kidumu kijae."

"Nilijua ni ya kwangu," akasema. "Ya shemeji yako haina uchungu ule. Nilijua siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa na hamu nayo." Alichukua jani akalikunja. "Tuliinywa na chai siku tisa. Tulikuwa sita kwenye hema letu. Mmoja, mtu wa pwani huyo, hakuwahi kuonja asali chungu, akasema Wanyamwezi mmeiunguza. Lakini ndiye aliyelamba kifuniko." Akalitupa jani. "Huyo na mwingine hawakurudi. Basi nilikuwa nafikiria hivi: kama ungeniwekea mpaka nirudi, wao wasingeionja."

Tulikaa pale mpaka mama yake akatuita kula. Hakusema kwamba amenisamehe na mimi sikumwomba. Alinishika mkono tulipokuwa tunapanda kutoka bondeni, kwa sababu ya utelezi, na utelezi ulipokwisha hakuuachia.

*

Alikaa nasi karibu mwaka. Kiangazi aliuteremsha mzinga, akaukwangua nondo waliokuwa wamekula masega makavu, akapitisha moshi, akapaka nta mpya. Mikato mitatu na mstari mmoja ilikuwa imeanza kufifia, akaichanja upya. Nilimtazama nikafurahi, nikadhani ni kazi tu za mtu aliyetulia nyumbani.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Aliuweka ungo chini.

"Unakwenda wapi?"

Ndivyo nilivyojua kwa mara ya pili. Alikuwa amepimwa masikio wiki mbili kabla. Sijui alijibuje, alifaulu. Alisema askari huitwa, na hilo ni kweli. Alisema pia kwamba wenzake wapya hawazijui zile barabara. Hakusema lolote kuhusu amani, na mama yake hakumuuliza. Aliuliza tu, "Mwaka wa nani safari hii?"

Sasa ni mwezi wa nane tangu aondoke. Vita havijaisha, kila nikiwaza vimekaribia, redio inataja jina la mji mwingine. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini askari wetu wako kule, nawaeleza yote ninayoyajua, pande zote, na nikifika mahali ninapoishia nawaambia kwamba hapa mwalimu anaishia. Wanashangaa kidogo, kisha wanazoea. Mtoto akijua mahali ambapo mkubwa hajui, naye hupata ujasiri wa kuuliza.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bondeni alipopiga. Masega ya mwaka huu ni mengi, shemeji anasema mzinga umekuwa mzito mpaka panda linalia upepo ukivuma. Hatujaugusa. Nilipoona jina lake nilikuwa tayari nimeweka shavu kwenye shina.

"Nyuki wapo?"

"Wapo."

"Umewasikia mwenyewe?"

"Wasikie na wewe," nikasema, nikaigandamiza simu kwenye gome la muyombo, sehemu ile iliyolainika kwa masikio yetu. Nilihesabu pumzi zangu ishirini, nikairudisha.

"Umeweka sikio lipi?" nikamuuliza.

"La kulia."

"Umesikia?"

Kulikuwa na kelele za upepo upande wake, na lori linawashwa.

"Nimesikia," akasema. "Msinirinie."

Sijui kama alisikia kweli. Simu yangu ni ya zamani. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu anangoja zamu, amejifunga kile kitenge cha kijani. Nilimpisha. Akaziba sikio moja, akalaza jingine, nami nikasimama pembeni na simu mkononi, haijakatwa, lori la upande wake linasikika likinguruma.